Mwanzo Usiosemwa katika Maisha ya Shaaban Robert

Kitabu cha maisha ya mtu husomwa kwa nia mbili. Yuko msomaji atakaye kumjua mwandishi, na yuko msomaji atakaye kujijua mwenyewe. Huyu wa pili, ambaye aghalabu ni kijana, hutafuta katika maisha ya mwingine jambo ambalo bado hajaliona katika maisha yake: kazi ambayo moyo waipenda kwa mapenzi yasiyohesabu saa wala ujira. Si nia ya kulaumiwa. Vitabu vya namna hii husifiwa kwa ahadi hiyo, na walimu huwapa wanafunzi wao kwa tumaini hilo hilo. Lililo haki kuulizwa ni kama kitabu chaweza kutimiza ahadi ambayo mwandishi wake hakuitoa.

Katika Kiswahili, kitabu ambacho swali hili lakihusu kuliko vingine vyote ni Maisha Yangu cha Shaaban Robert. Sehemu ya kwanza ilichapwa mwaka 1949. Sehemu ya pili, Baada ya Miaka Hamsini, ilitoka pamoja na ya kwanza katika jalada moja mwaka 1966, miaka minne baada ya mwandishi kufariki dunia. Ni kitabu cha mtu wa pwani, karani wa serikali ya kikoloni, aliyepata kuwa mwandishi mkubwa wa lugha yake huku akiendelea kuwa karani. Kwa maelezo hayo mafupi, ni nani asingedhani kwamba humo imo siri ya kuipata kazi ya moyo?

Ili swali lisibaki hewani, yafaa kitabu hiki kipelekwe mbali na pwani kilikozaliwa. Ikinga ni kata ya Wilaya ya Ileje, katika mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Ni nchi ya milima jirani na Malawi, na kutoka Tanga hata huko ni safari ya kilomita zaidi ya elfu moja. Kijana wa milima hiyo, akiwa mtoto wa Wandali, Kindali hukijua nyumbani, na Kiswahili hukipata zaidi shuleni, sokoni na redioni. Njia zilizo wazi mbele yake hazihitaji vidole vingi kuzihesabu: shamba la wazazi, biashara ya Tunduma ambako malori ya kwenda Zambia hupita mchana na usiku, au masomo, kama yatamfikisha katika meza ya ofisi. Msomaji wa namna hiyo akifungua Maisha Yangu na kuuliza, "Mtu huyu alijuaje kwamba kazi yake ni kalamu?" atakifunga kitabu bila ya jibu.

Jambo hili lashangaza kadiri linavyofikiriwa. Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, kusini ya Tanga. Alisoma Dar es Salaam kati ya 1922 na 1926, na mwaka huo wa 1926 akaingia katika utumishi wa forodha. Mambo haya, na yote yaliyo karibu nayo, msomaji huyapata kwa urahisi zaidi katika vitabu vya watu wengine kuliko katika chake. Mtoto wa Vibambani akishangazwa na utamu wa neno kwa mara ya kwanza hapatikani. Anayekutwa ni mtu mzima, mwenye mke, mwenye kazi ya serikali, na kalamu tayari imo mkononi mwake kama vile alizaliwa nayo. Mlango wa nyumba haukuonyeshwa; msomaji anajikuta ukumbini.

Wako watakaosema kwamba kimya hicho ni adabu, na kwamba mtu aliyelelewa katika mila za pwani hasimami mbele za watu kusifu kipaji chake. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Mwandishi huyu hakuona haya kujieleza kuwa mume mwenye mapenzi, baba mwangalifu na mtumishi mwaminifu. Kitabu kimejaa sifa hizo, na pengine zimezidi kipimo. Mtu asiyeona haya kuitaja tabia yake njema, kwa nini aone haya kutaja alipoanza kutunga?

Jibu lililo bora zaidi limo katika kitabu chake kingine. Mwaka 1958 kilitoka Wasifu wa Siti binti Saad, maisha ya mwimbaji wa Unguja aliyefariki mwaka 1950. Humo kila kilichokosekana katika Maisha Yangu kimo tele. Siti alizaliwa Fumba, katika nyumba ya watu maskini wenye asili ya bara: baba Mnyamwezi, mama Mzigua. Akachukua vyungu kichwani kwenda kuviuza mjini, na njiani akivinadi bidhaa zake kwa sauti, watu wakasimama kusikiliza sauti kuliko kutazama vyungu. Akahamia mjini karibu na mwaka 1911, akafundishwa na mpiga udi Ali Muhsin, akaimba mbele ya watu wakubwa, na mwaka 1928 akapelekwa Bombay ambako sauti yake ilitiwa katika sahani za santuri. Hapa pana mwanzo ulio wazi, pana watu waliokisikia kipaji kabla ya mwenyewe kukithamini, pana mwalimu, pana safari. Kijana wa Ikinga anayetaka kuona jinsi mapenzi ya kazi yanavyomfunukia mtu akiwa katikati ya kazi nyingine, atayaona katika njia ya Fumba kwa uwazi mkubwa.

Basi haikuwa kwamba Shaaban Robert hakujua kusimulia mwanzo. Alijua sana, akausimulia wa mwingine. Tena alichagua maisha yanayofanana na yake katika jambo lililo kubwa kuliko yote: mtu wa asili ya bara, asiye na jina la ukoo wa kutajwa, aliyepata makao yake katika sanaa ya Kiswahili. Shaaban mwenyewe wazazi wake walikuwa wa asili ya Kiyao. Ni vigumu kuusoma wasifu ule bila ya kuhisi kwamba, anapoieleza sauti ya muuza vyungu, mwandishi anaeleza pia kitu alichokijua kwa ndani na ambacho hakutaka kukisema kwa nafsi ya kwanza.

Kuna kitabu cha tatu ambacho lazima kiwekwe kando ya hivi viwili. Utubora Mkulima, kilichochapwa mwaka 1968, ni hadithi ya mtu mwenye kazi nzuri mjini Unguja na imani kamili ya mwajiri wake, naye anaiacha kazi hiyo na kwenda kulima Busutamu. Anafanya hivyo kwa furaha, na masikitiko ya waliomzunguka hayamrudishi nyuma. Kama Siti alipewa mwanzo, Utubora alipewa kuondoka. Nafsi yake mwandishi hakuipa hata kimoja cha hivyo. Yeye alibaki. Alikuwa katika forodha tangu 1926 hata 1944. Kisha akapelekwa Mpwapwa katika idara ya mifugo. Mwaka 1946 akarudi Tanga katika ofisi ya jimbo. Mwaka 1952 akahamia idara ya upimaji wa ardhi, akaendelea humo hata karibu na mwaka 1960. Ni miaka zaidi ya thelathini ya majalada na madaftari ya watu wengine. Katika utumishi wa serikali ya Tanganyika enzi hizo vyeo na mishahara viligawanywa kwa rangi, na karani Mwafrika alikuwa katika daraja la chini. Mtu mwenye watoto, katika hali hiyo, haachi mshahara kwa sababu ya shairi.

Msomaji wa Ikinga, kwa kweli, anaweza kumcheka Utubora kidogo. Kwa mtu wa mjini aliyechoka na kalamu, jembe ni uhuru. Kwa mtoto aliyezaliwa mteremkoni, aliyepanda mahindi kabla ya kujua kusoma, jembe ndilo analoulizwa kama ataliacha. Busutamu ya mwandishi haina magugu ya kutosha. Lakini kicheko hicho kina faida, maana chamfundisha msomaji kwamba hata mwandishi mkubwa, anapoiota kazi ya moyo, huiona kwa mbali, na vitu vinavyoonekana kwa mbali hupungua uzito. Katika Maisha Yangu kazi imeonekana kwa karibu, na ndiyo sababu haikupambwa.

Kwa hiyo utajiri wa kitabu lazima utafutwe katikati yake, si katika mlango wala katika ua. Katikati hiyo ina jina, nalo ni Amina. Mke wa kwanza wa mwandishi alifariki na kuacha watoto wawili wadogo. Masimulizi ya nathari, ambayo mpaka hapo huenda kwa utaratibu wa mtu aliyezoea kuandika ripoti, hayakuweza kuuchukua msiba ule, na shairi likaingia mahali pake. Kisha baba akawatungia watoto wake tenzi mbili ambazo zimo ndani ya kitabu: Utenzi wa Hati kwa binti na Utenzi wa Adili kwa mwana. Wako wahakiki wanaolalamika kwamba tenzi hizo huisimamisha hadithi. Lalamiko hilo halina msingi. Hadithi haikusimama, hapo ndipo inapokwenda. Kitabu kisichomwonyesha mwandishi akiipata kazi yake chamwonyesha akiikimbilia. Mtu hupigwa na mauti, na mkono wake huenda mahali ulikozoea kwenda. Wa mmoja huenda kwenye jembe, wa mwingine kwenye udi, wa mwingine kwenye uganga. Wa karani huyu ulikwenda kwenye vina na mizani. Yeyote atakaye kujua moyo wake unapenda nini hana ushahidi ulio thabiti kuliko huo, na ushahidi huo hautafutwi kwa kujiuliza maswali chini ya mti. Hupatikana siku ambayo mtu hana nguvu ya kuchagua.

Sehemu ya pili haifikii kimo hicho. Baada ya Miaka Hamsini ina mambo ya maana juu ya maandishi na juu ya Kiswahili, lakini mwandishi anakwisha kuwa mtu mashuhuri anayejua kwamba anasomwa, na mawaidha yanachukua nafasi ya matukio. Anayekisoma kitabu kwa kutafuta moto atauona ukipungua humo, ingawa atapata mwanga wa kutosha juu ya mambo ya uchapaji na taabu zake. Taabu hizo hazikuwa ndogo. Kusadikika kilitoka 1951 na Adili na Nduguze 1952, lakini Kufikirika, ambacho aliandika mwaka 1946, kilichapwa mwaka 1967. Mswada ulikaa miaka ishirini na mmoja, na mwenyewe hakuuona ukiwa kitabu.

Palipo na sifa pawe na lawama pia, na lawama iliyo nzito inahusu Utenzi wa Hati. Utenzi huo umefuata nyayo za Mwana Kupona, ambaye mwaka 1858 alimwachia binti yake wasia wa namna hiyo. Tofauti ni kwamba Mwana Kupona alikuwa mama akimwusia bintiye, na hapa mama amekufa, baba ameshika kalamu iliyokuwa ya mama. Hakuna asiyeguswa na jambo hilo. Hata hivyo mausia yenyewe ni ya nyumbani: dini, usafi, heshima, utii kwa mume, wema kwa watu. Msichana wa Ikinga anayesoma Maisha Yangu kwa kutafuta kazi ya moyo wake atakuta kwamba mtu aliyeshika kalamu usiku baada ya kazi, kwa sababu asingeweza kutoshika, hamwambii bintiye kwamba naye huenda akawa na kitu cha namna hiyo. Ni upungufu, na haufai kufunikwa kwa kusema kwamba ndiyo yalikuwa mawazo ya zama zile. Mkono ule ule, miaka michache baadaye, uliandika kwa heshima kubwa juu ya mwanamke aliyeondoka kijijini na kusimama mbele ya hadhara akiimba. Baba aliogopa kumtakia bintiye maisha ambayo mwandishi aliyatukuza kwa Siti. Ni baba wangapi, Tanga au Ileje, ambao hawajafanya vivyo hivyo?

Kwa kulinganisha, yafaa kumtaja Martin Kayamba, karani mwingine wa Tanga, aliyetangulia kidogo. Mwaka 1931 alikwenda Uingereza kutoa ushahidi juu ya mpango wa kuunganisha nchi za Afrika ya Mashariki, na mwaka uliofuata akatoa kitabu chake, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Ni kitabu cha mtu ambaye ofisi ilikuwa kazi ya moyo wake, na ambaye alipanda katika ofisi hiyo kuliko Waafrika wengi wa siku zake. Hakuna ubaya. Lakini ukivisoma vitabu vya makarani hawa wawili kwa pamoja waona upesi ni yupi aliyekuwa mahali pake na ni yupi aliyekuwa mgeni katika kiti alichokalia kwa miaka thelathini.

Limebaki jambo la lugha, nalo kwa msomaji wa milimani ndilo gumu. Shaaban Robert ana shairi mashuhuri linalofananisha lugha ya mtu na titi la mama yake. Wengi hulichukua kuwa sifa ya Kiswahili, na ndivyo lilivyo. Lakini Mndali akiichukua hoja yake kwa uaminifu, titi hilo kwake ni Kindali. Je, ageuke aseme kwamba kitabu hiki hakimhusu? Au aache lugha ya mama yake ili amfuate mwalimu? Maisha ya mwandishi yanajibu kwa namna ambayo shairi lake halikujibu. Mjukuu wa Wayao alikipenda Kiswahili mpaka kikawa chake kwa haki ya jasho, kama binti wa Mnyamwezi na Mzigua alivyoifanya taarabu kuwa yake. Kupenda kwa namna hiyo hakuombi cheti cha kuzaliwa. Kijana wa Ikinga aweza kupenda Kiswahili hivyo. Aweza pia kukirudia Kindali na kukusanya hadithi zake kabla hazijapotea na wazee. Aweza hata kugundua kwamba lugha si kitu chake kabisa, na kwamba mkono wake hukimbilia mbao, au miche ya kahawa, au mashine zilizoharibika.

Uwezekano huo wa tatu umesahauliwa na wanaowapa vijana kitabu hiki kwa kutumaini kwamba watatokea akina Shaaban wengine. Mtu aliyekuwa karibu sana na mfano huu alikuwa mdogo wake, Yusuf Ulenge. Barua alizomwandikia tangu 1931 hata 1958 zimehifadhiwa, na zilichapwa mwaka 2002 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kama kungekuwa na mtu wa kugeuka nakala ya mwandishi, angekuwa yeye. Naye alishika kalamu kweli, lakini kitabu chake kinachokumbukwa, Nguzo ya Maji na Hadithi Nyingine, ni cha hadithi za nathari. Kaka ni mtu wa tenzi na mawaidha. Mdogo alikwenda kwenye ngano. Aliyekaa karibu na moto aliwasha taa ya namna nyingine. Barua zile, kwa njia, zafaa kusomwa baada ya Maisha Yangu na si kabla, maana humo mwandishi hajavaa kanzu ya kutokea nje, na msomaji aliyekwisha kumwona ndani ya kanzu hupata kumpenda zaidi.

Ikiwa mwalimu wa Ileje anataka kuvitumia vitabu hivi, afadhali aanze na Siti. Msichana na mvulana wasome kwanza juu ya vyungu na sauti, ili wajue kwamba mwanzo upo na kwamba mara nyingi husikiwa na wapita njia kabla ya kusikiwa na mwenyewe. Ndipo wapewe Maisha Yangu, nao wataona kimya kilichomo wakijua kinaficha nini, na wataufikia msiba wa Amina bila ya kusubiri ufunuo wa namna nyingine. Utubora awe wa mwisho, na wenye mashamba waruhusiwe kumcheka.

Siti hakuusoma wasifu wake. Alikuwa amekwisha kufa miaka minane ulipochapwa. Shaaban Robert naye alifariki mwezi Juni 1962, na jalada lililounganisha sehemu mbili za maisha yake lilitoka akiwa kaburini mwaka wa nne.